Kuleta akiba Mbeya: benki, programu ya simu, dirisha la fedha taslimu au begi mkononi?

Mwaka niliorudi kutoka Kitwe, Zambia, familia yetu ilikuwa na akiba mbili za kuleta nyumbani. Moja ilikuwa yangu, kwacha za miaka minane ya kufungua na kufunga injini za malori. Nyingine ilikuwa ya mdogo wangu wa kike anayehudumia wazee Leeds, Uingereza. Yeye alitaka nyumba yake ya Uyole ifike kwenye lenta kabla mvua za Novemba hazijaanza. Pesa zote zilikuwa zinakuja mji mmoja, lakini njia iliyomfaa yeye haikunifaa mimi, na ile ambayo sote tulikuwa tunamtumia mama hela ya dawa kila mwezi haikumfaa yeyote kati yetu.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Tumezoea kutuma matumizi: laki moja, laki mbili, ifike leo hii, mama ashuke hadi kwa wakala pale Kabwe ya hapa Mbeya, yaishe. Siku ya kuhamisha akiba mtu anafungua programu ileile na kuandika namba ileile, ila sifuri zimeongezeka mbili. Kasi aliyokuwa akiilipia haina kazi tena, maana saruji hainunuliwi usiku. Anachohitaji sasa ni bei nzuri ya kubadilisha, kiwango cha kutuma kinachotosha, na karatasi. Nitazipima njia zote kwa jicho hilo.

Swali moja la kuuliza kila mahali

Kila huduma hula kwa midomo miwili. Wa kwanza unaonekana, ni ada ya kutuma. Wa pili umejificha kwenye bei ya kubadilisha. Pauni ina bei yake ya kati sokoni, ile unayoikuta ukitafuta kwenye Google. Huduma inakupa bei ya chini kidogo ya hiyo, na tofauti inabaki kwao. Ndiyo maana mimi nikiona bango la "tuma bure" nakimbilia kuangalia bei. Usiulize ada ni kiasi gani. Uliza hivi: nikitoa pauni 6,000 sasa hivi, zitafika shilingi ngapi mkononi Mbeya? Na uulize kote ndani ya saa moja, kwa sababu bei haikai.

Chukua mfano, namba nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme bei ya kati ni shilingi 3,400 kwa pauni, hivyo pauni 6,000 ni shilingi 20,400,000 kabla hajaguswa mtu. Benki inatoza pauni 20 na kubadilisha kwa 3,300: zinafika 19,734,000. Programu inayosema haitozi ada inabadilisha kwa 3,340: zinafika 20,040,000. Programu nyingine inatoza pauni 35 waziwazi, jambo linalotisha ukiliona kwenye skrini, lakini inabadilisha kwa 3,400 yenyewe: zinafika 20,281,000. Dirisha la fedha taslimu linatoza pauni 5 tu, bei yake 3,270: zinafika 19,603,650.

Mwenye ada kubwa kuliko wote ndiye aliyeleta nyingi kuliko wote. Kati yake na lile dirisha la pauni tano kuna shilingi 677,350. Kama mfuko wa saruji ya Tembo unauzwa 18,000, hiyo ni mifuko 37 iliyobaki Uingereza.

Sasa geuza, tuma pauni 50 kwa ajili ya mama. Benki ikichukua zake 20, zinabaki 30, sawa na shilingi 99,000. Programu isiyotoza ada inampa mama 167,000. Kwa kiasi kidogo ada ndiyo inayoua, kwa kiasi kikubwa bei ndiyo inayoua. Ukilishika hilo, matangazo mengi hayatakusumbua.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha nyumbani isizidi asilimia 3. Afrika kusini mwa Sahara bado ni ghali kuliko kanda nyingine zote za dunia kupokea fedha. Mimi hiyo asilimia 3 nimeifanya rula yangu ya matumizi. Kwa akiba nataka chini ya asilimia 2, na kwenye mfano wetu programu zote mbili zinapita, benki na dirisha zinaanguka.

Benki kwa benki

Huu ndio mlango wa wazee wetu na bado una heshima yake. Pesa inatumwa kwa maagizo yanayopita mtandao wa SWIFT unaounganisha mabenki, ulioanzishwa 1973 huko Ubelgiji, na haina haraka: siku moja, tatu, wakati mwingine tano. Njiani inaweza kupita benki ya tatu ambayo wewe huijui nayo haikujui, ikakata dola zake na kupitisha zilizobaki. Fomu itakuuliza nani alipe makato kwa herufi tatu: OUR maana yake mtumaji anabeba yote, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Kama unalipia kiwanja na bei imeshapangwa, chagua OUR, la sivyo zitapungua laki na mwenye kiwanja hatakuelewa.

Mambo mawili yaliyomsumbua mdogo wangu. Fomu ya Uingereza ilimdai namba ya IBAN, na Tanzania hatutumii IBAN. Kinachotakiwa ni namba ya akaunti na namba ya SWIFT ya benki. Hiyo ina herufi na tarakimu 8 au 11, na ya tano na ya sita lazima ziwe TZ. Ukiona nchi nyingine hapo, simama.

La pili ni jina. Akaunti yake ya Mbeya aliifungua kabla ya kuolewa, kwa majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Leeds anatumia mawili, la mwisho ni la mume. Pauni za kwanza zilining'inia siku tisa. Benki ya huku inasema hazijafika, ya kule inasema zimeshaondoka, na mimi nasimama kwenye foleni na cheti cha ndoa cha mtu mwingine mkononi. Kabla hujatuma chochote, piga picha ya jina kama lilivyo kwenye kadi ya akaunti, ulinakili herufi kwa herufi.

Faida ya benki inaonekana pesa ikishafika. Ukiwa na akaunti ya dola au pauni hapa, pesa inaingia bila kubadilishwa, na wewe unachagua siku ya kubadilisha. Ukiwa na akaunti ya shilingi tu, benki inakubadilishia kwa bei yake siku hiyohiyo. Na bei ya ubaoni si amri ya Musa. Nilipofika na dola zangu, yule dada wa kaunta aliniambia taratibu: "Kaka, hii ya ubaoni ni ya watu wa dola mia mbili. Kwa kiasi chako ngoja niwapigie makao makuu." Alirudi na bei iliyozidi kwa shilingi 18 kila dola. Nisingemuuliza, nisingepewa.

Usilaze yote benki moja kwa muda mrefu pia. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwekaji hadi shilingi milioni 7.5 katika kila benki, si zaidi ya hapo.

Programu za simu

Hapa ndipo ushindani wa kweli ulipo, na kwa mtu wa Ulaya au Marekani mimi ningeanzia hapa. Wise, iliyoanza 2011 ikiitwa TransferWise, inabadilisha kwa bei ya kati na kuandika ada yake peupe. WorldRemit ilianzishwa London mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mtu wa Somaliland aliyeyajua maumivu ya kutuma nyumbani. Remitly ni ya Seattle. NALA ni ya Mtanzania mwenzetu, Benjamin Fernandes. Ilianza na malipo ya humu ndani kabla ya kugeukia pesa za ughaibuni. Nimefurahi kuiona, lakini sitakwambia uichague kwa uzalendo. Fungua zote siku moja, andika kiasi kilekile, soma mstari wa mwisho.

Angalia mitego miwili. Bei ya mteja mpya ni tamu sana, ila kwa kawaida ni ya mara ya kwanza tu, na ina ukomo wa kiasi. Ukiwa na pauni 6,000, zile mia tano za mwanzo zitabadilishwa kwa asali na zilizobaki kwa bei ya kawaida. Mdogo wangu aliipenda programu moja kwa sababu ya bei hiyo. Tulipoandika kiasi chote, ilishuka hadi nafasi ya tatu. Mtego mwingine ni namna unavyoilipa programu. Ilipe kwa uhamisho kutoka akaunti yako ya benki. Ukitumia kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuhesabu kwamba umechukua fedha taslimu kwa mkopo na kukudai riba kuanzia siku hiyo.

Viwango vinapanda kwa ngazi. Kwa pauni mia tatu, pasipoti inatosha. Kwa elfu sita watataka hati za mshahara na taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, na watazitaka siku ambayo wewe una haraka. Zipeleke wiki mbili kabla.

Kisha kuna kupokea: benki au simu? Programu nyingi zinaweza kuingiza moja kwa moja kwenye M-Pesa, Airtel Money, au Mixx by Yas ambayo wengi wetu bado tunaiita Tigo Pesa. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na ndiyo iliyotufundisha kutuma. Lakini akaunti ya simu ina kiwango chake cha juu cha salio na cha siku, kutoa kwa wakala kuna makato, na wakala mwenyewe saa kumi na moja jioni hana floti. Jaribu kutoa milioni tatu Uyole siku ya mnada uone. Ile tozo ya miamala ya Julai 2021, ingawa baadaye ilipunguzwa, ilitufundisha kwamba gharama ya simu inaweza kubadilika kwa bajeti moja ya serikali. Matumizi yaende simu. Akiba iende benki.

Na ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unajua la kufanya. Wajanja wale hawabahatishi tu siku hizi. Wanaweza kuwa wamesikia nyumba inajengwa.

Dirisha la fedha taslimu

Western Union imekuwa ikipeleka pesa tangu 1871, enzi za telegrafu. MoneyGram nayo iko. Unatoa taslimu kule, mpokeaji anakwenda na kitambulisho na namba ya muamala, anahesabiwa. Kwa bibi wa Rungwe asiye na akaunti, au kwa msiba wa ghafla, ni mkombozi. Kwa akiba, hapana. Bei ya kubadilisha kwa taslimu mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote, na kutoka mlangoni na milioni nyingi kwenye bahasha, hapo Mwanjelwa, ni ushujaa usio na sababu.

Kwa ndugu walioko Marekani kuna sababu ya ziada. Tangu 1 Januari 2026 serikali ya kule inatoza asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa kulipa fedha taslimu, money order au hundi ya benki (cashier's check). Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa kule hatozwi. Kwa dola 8,000, dirisha linakuongezea dola 80 juu ya hasara ya bei.

Tunduma

Hapa najua zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kilomita zipatazo mia moja, na tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, unapigiwa mihuri ya nchi mbili mahali pamoja. Reli ya TAZARA inapita hapo ikitoka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Malori ya shaba yamepanga foleni. Kwa sababu biashara ni kubwa, kwacha na shilingi zinakutana moja kwa moja bila kupitia dola, jambo ambalo benki zangu mbili hazikuweza kunifanyia. Benki ya Kitwe iliniuzia dola kwa bei yake, ya Mbeya ikazinunua kwa bei yake. Nilikatwa mara mbili. Pale mpakani unakatwa mara moja, na mara nyingi nilikuta bei nzuri kuliko njia ya benki.

Basi kwa nini sikubeba zote? Sababu ya kwanza ni sheria. Ukiingia au kutoka Tanzania na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi, kwa sarafu yoyote, unatakiwa kuzitamka kwa forodha. Kutamka si kulipa kodi, ni kujaza fomu, na ile fomu baadaye inakuwa ushahidi wako. Asiyetamka anaweza kunyang'anywa.

Ya pili ni vijana wa kubadilisha pesa barabarani. Mara ya kwanza nilijaribu kiasi kidogo. Kijana alihesabu mbele yangu, akakunja bunda, akaniambia niwahi, askari wanakuja. Kwenye Hiace ya kurudi nikakuta noti mbili katikati zimekunjwa, kila moja imehesabiwa mara mbili. Tangu hapo naingia kwenye kaunta yenye leseni, bei inapungua kidogo, lakini natoka na risiti. Msako wa 2019 ulipofunga maduka mengi ya kubadilisha fedha nchini, kazi kubwa ilibaki kwa mabenki na maduka machache.

Ya tatu ni noti zenyewe. Zambia ilitoa noti mpya mwaka 2025, zikiwemo za kwacha 200 na 500. Huku kwetu, noti za shilingi za toleo la 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zilipewa mwisho wa kubadilishwa 5 Aprili 2025. Nina jirani aliyefukua kibuyu chake mwezi Juni.

Kuna pia wafanyabiashara wanaobadilishana kwa maneno: wewe unampa ndugu yake kwacha Kitwe, yeye anakupa shilingi Tunduma. Bei yao nzuri, uaminifu wao mara nyingi wa kweli. Lakini ukitaka kununua kiwanja, na benki ikakuuliza milioni ishirini umezitoa wapi, huna hata kipande cha karatasi.

Mnaopitia Kasumulu kutoka Malawi, neno moja: kwacha yenu si kwacha ya Zambia, hata kama mtu wa mezani anazitaja kwa jina moja. Na Novemba 2023 ilishushwa kwa mkupuo, kutoka takribani 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Aliyekuwa ameihifadhi nyumbani akingoja bei nzuri alilala tajiri akaamka na pungufu.

Lini ubadilishe

Tunabishana juu ya programu ipi inatoza pauni mbili zaidi, kumbe tarehe inaweza kula milioni. Mwaka 2024 dola ilikuwa imepanda hadi juu ya shilingi 2,700. Kufikia Desemba ilikuwa chini ya 2,500. Mwenye dola 10,000 aliyengoja miezi michache alipoteza zaidi ya shilingi milioni mbili bila kulipa ada yoyote. Mwaka uliofuata dola ikapanda tena, kisha ikashuka. Mimi si mtabiri, kwa hiyo nilibadilisha kwa mafungu matatu, kila fungu likifuata hatua ya ujenzi: msingi, matofali, bati. Kushikilia dola ili ulipie nazo fundi au kiwanja hakusaidii pia. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kuweka bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwisho wa yote utabadilisha.

Tulivyoamua

Mdogo wangu alituma kwanza pauni 20 kwa programu yenye ada ya wazi, ziingie kwenye akaunti yake mwenyewe ya Mbeya, si yangu. Ndiyo, mimi ni kaka yake, na ndiyo, kabla mimi sijakasirika alishasema ni kwa ajili ya karatasi. Zilipofika kwa jina sahihi, akatuma zilizobaki kwa mafungu mawili. Kama angekuwa na pauni elfu arobaini, ningemshauri aombe bei maalumu benki zote mbili na kuilinganisha na programu, kwa sababu kwenye kiasi hicho benki hulegea.

Mimi nilipitisha sehemu kubwa kwa SWIFT na kukubali kukatwa mara mbili, kwa sababu nilitaka taarifa ya benki inayoonyesha mshahara wa Kitwe ukigeuka kuwa tofali za Mbeya. Ningekuwa na kiasi cha kununulia mabati tu, ningepita Tunduma.

Bado nina kwacha elfu kumi na mbili kwenye akaunti ya kule. Makato ya benki yangezitafuna, na programu nilizozijaribu hazikunipa bei ya maana kutoka Zambia. Nitazifuata mwenyewe Desemba, nikienda kuwasalimu jamaa wa gereji, na nitazibadilisha kwenye kaunta ileile yenye risiti, mchana.